Kielelezo Namba Moja

Mwaka ule betri za redio tulizianika
pembeni mwa jamvi, jua lizitie nguvu,
tukizigeuza pamoja na karafuu.
Usiku zilitosha taarifa ya habari tu,
zikazimika kabla ya salamu.

Ndipo tulipomsikia, sauti ya mkalimani imempanda mgongoni:
rais wa Marekani, mzee wa tabasamu,
mtu wa kanisa, bendera na familia,
hakumbuki.
Silaha ziliuzwa kwa adui aliyemtukana mchana,
faida ikavushwa kwa waasi wa msitu wa mbali
ambao bunge lake lilikwisha kuwanyima hata senti.
Nani aliidhinisha? Hakumbuki.
Siku gani? Hakumbuki.
Mbarouk seremala akaifunga redio kuokoa betri.
"Hayo," akasema, "huku kwetu yaitwa magendo."

Mimi nilikuwa karani wa mahakama, Wete.
Mashine yangu ya chapa ilikuwa na herufi moja mgonjwa,
k, ikinata, haipigi;
kila ukurasa nilizijazia kwa kalamu.

Jumatatu akaletwa Shaame Matar wa Tumbe.
Alikamatwa Shumba, usiku, maji ya magotini,
na pishi kumi na nne alizochuma kwa mikono yake,
akizipeleka ng'ambo, kwenye bei mara tatu ya kituo cha serikali.
Kielelezo namba moja: gunia.
Lile la unga wa njano wa mwaka wa njaa,
lenye mikono miwili iliyoshikana
na maandishi kuwa ni zawadi ya watu wa Marekani.
Sote tuliyajua magunia yale. Mdogo wangu alishonewa suruali,
akenda chuoni mikono imeshikana matakoni.

"Karafuu hizi umezitoa wapi?"
Shaame, naye ana redio kwake, akatazama dari.
"Sikumbuki, mheshimiwa."

Tulicheka. Askari alicheka, bunduki ikamtikisika.
Hakimu alivua miwani akafuta machozi,
akaivaa tena.
"Shaame, hata kusahau kuna wenyewe."
Kisha kwangu: "Karani, futa hilo. Andika amekiri."

Nikafuta.
Neno lina k mbili; nilikuwa sijazijaza.
Pale palibaki *si umbu i*, na mstari juu yake.

Mkewe, Time, alikaa nje barazani, kaja na chakula.
Huyu ndiye aliyesema, usiku mwingine,
redio ilipotueleza sera ya uchumi ya mzee yule:
wenye nacho wapunguziwe kodi, washibe,
na shibe yao itawadondokea walio chini.
Time alikuwa akikamua nazi. Hakuinua kichwa.
"Mie nakamua tangu nina miaka saba.
Tui la kwanza la mgeni, la pili la mume.
Nilo chini ya kifumbu ni miye,
na bado naulizwa machicha yako wapi."
Mwezi ule shilingi ilikatwa,
wakaja wataalamu wenye mikoba, wakalala hotelini, wakaondoka.
Sukari ikawa ya kulambishwa.

Miaka mitano alipewa Shaame.
Alitumikia mitatu, mwili ukakataa.
Mzee wa tabasamu alimaliza muda wake,
akarudi shambani kwake, kwenye farasi,
na nchi yake ikampigia makofi.
Gunia lilikaa stoo hadi panya wakala kidole gumba
cha mmoja wa wale walioshikana,
sijui cha nani, chao au chetu.

Mwaka juzi amekuja binti yake, Mkasi,
mwalimu, mkoba begani, adabu tele.
Jalada la kesi halipo, kaambiwa; pengine mzee karani anajua.
"Baba aliapa hadi kufa kwamba hakukiri.
Alisema nini siku ile?"

Nilimkaribisha kahawa. Nilitazama dari.
"Sikumbuki, mwanangu," nikamwambia,
na neno lilitoka laini,
halikunata hata herufi moja.